Vijana, Ndege Hairuki kwa Rubani Peke Yake

 

Mwezi huu ukurasa wa vijana tumeutoa kwa kazi moja ambayo hapa kambini haitajwi kabisa. Ukiwauliza watoto wetu wanataka kuwa nani, majibu tunayajua kwa moyo: daktari, nesi, mwalimu, mfanyakazi wa shirika, rubani. Rubani anatajwa kwa sababu ndege tunaziona. Zinatua pale kiwanjani, watoto wanakimbia kwenda kuzitazama, wanapunga mikono, na anayeshuka mbele yao ni mtu wa shati jeupe lenye mistari mabegani. Fundi wa ndege hawamwoni. Mara nyingi hata hayupo hapa. Kazi yake aliifanya usiku kule Nairobi, akaandika alichofanya, akaweka saini, akaenda kulala. Asubuhi ndege ikapaa na hakuna aliyemtaja.

Sisi tunamtaja leo kwa sababu mbili. Kwanza, kazi hii inataka aina ya vijana ambao kambi hii inao wengi: wenye mikono, wenye subira, wasiovumilia kuona kitu kimeharibika na kimeachwa hivyo. Pili, wako watu wanaowauzia wazazi ndoto za ndege kwa pesa, na tunapenda mjue ukweli kabla hamjatoa hata shilingi moja.

Fundi wa baisikeli

Karibu kila mtu aliyekaa darasani amesikia habari za ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walioruka kwa ndege ya injini tarehe 17 Desemba 1903. Ila wachache wamesikia habari za Charles Taylor.

Wale ndugu wawili walikuwa na duka la baisikeli katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Walipokuwa tayari na mabawa yao, walikosa injini. Waliandikia makampuni ya injini wakitaka injini nyepesi yenye nguvu ya kutosha, na hakuna aliyeweza kuwapa waliyoitaka. Basi wakamgeukia fundi wao wa dukani. Charles Taylor akaitengeneza injini hiyo kwa muda wa wiki sita hivi, kwa mashine za kawaida za karakana ya baisikeli. Ilikuwa na silinda nne, na mwili wake aliutengenezea aluminiamu ili isiwe nzito. Nguvu yake ilikuwa farasi 12 hivi. Ukitaka kujua hiyo ni nguvu gani, msimamishe kijana wa boda boda mwenye pikipiki ya sisii 150: ni karibu hiyo hiyo. Safari ya kwanza ilichukua sekunde 12, na ndege ikaenda mita zipatazo 37.

Majina ya wenye duka yakajulikana dunia nzima. La fundi likasahauliwa kwa miaka mingi. Siku hizi kule Marekani tarehe 24 Mei, siku aliyozaliwa Taylor, huadhimishwa kuwa siku ya mafundi wa ndege.

Tunaisimulia habari hii kwa ajili ya vijana wale wa sokoni, wenye pampu na spana zao chini ya turubai, na wale wanaofungua genereta za watu, redio, simu na betri za sola. Watu wanawaona kama walioshindwa shule. Sisi hatuwaoni hivyo.

Anachofanya fundi wa ndege

Kazi hii ina matawi. Wako wanaoshughulika na mwili wa ndege na injini, yaani mabawa, magurudumu, breki, mafuta, propela. Wako wa umeme na vyombo, wanaotengeneza redio, rada, nyaya na vile vioo vyote vilivyo mbele ya rubani. Wako wa mabati na riveti, wako wa kupaka rangi, na wako wanaotafuta nyufa zisizoonekana kwa macho.

Hao wa mwisho tungependa kila kijana apate kuwaona wakifanya kazi. Fundi anapaka kimiminika maalumu juu ya chuma kilichosafishwa vizuri, anasubiri kizame, anafuta, kisha anaweka dawa nyingine juu yake. Kama kuna ufa mwembamba kuliko unywele, kile kimiminika kilichojificha ndani kinatoka na kuchora mstari. Vingine vinaangaliwa gizani kwa taa maalumu, na ufa unang'aa wenyewe. Hiyo ni fizikia na kemia ileile ambayo watoto wetu wanaikimbia wakisema haina faida.

Ndege haingojwi mpaka iharibike ndipo ipelekwe kwa fundi, kama tunavyofanya sisi na baisikeli zetu. Inakaguliwa kabla ya safari. Ndege nyingi ndogo hukaguliwa tena kila baada ya saa 100 za kuruka. Ndege kubwa, kila baada ya muda, huingizwa ndani ya hanga ikavuliwa viti, sakafu na kuta mpaka ibaki mifupa, halafu ikarudishwa. Sisi tunaoishi Turkana tunaweza kuelewa kwa nini. Vumbi letu linaloingia kwenye sahani na vitabu vya watoto linaingia pia kwenye injini, na injini ya ndege inavuta hewa nyingi sana. Mchanga unasugua vile vipanga vya ndani taratibu, siku baada ya siku. Fundi ndiye anayeziosha injini hizo na kuchungulia ndani yake kwa kamera nyembamba kama mrija.

Kitu kingine ni vifaa. Katika karakana nzuri ya ndege kila spana ina mahali pake, na mara nyingi umbo lake limechorwa ubaoni. Zamu ikiisha, vifaa vinahesabiwa. Bisibisi moja ikikosekana, ndege haitoki mpaka ipatikane, kwa maana inaweza kuwa imebaki ndani ya bawa au ndani ya injini.

Bolti 90

Hapa tunaomba mtulie kidogo, maana kisa hiki ndicho kinachoonyesha kazi hii ni nini.

Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways, aina ya BAC One-Eleven, iliondoka Birmingham, Uingereza, ikielekea Málaga, Hispania. Ilikuwa na abiria 81 na wafanyakazi 6. Dakika 13 baada ya kupaa, ikiwa juu kiasi cha mita 5,300, kioo cha mbele upande wa kapteni kiling'oka. Hewa ya ndani ikatoka kwa kishindo, ikamvuta kapteni, akatoka nje nusu mwili, miguu tu ikabaki ndani. Mhudumu mmoja akamrukia, akamshika kiunoni. Alipochoka, wenzake wakampokea. Walimshikilia hivyo kwa dakika 20 hivi, wakiamini ameshakufa, mpaka rubani msaidizi alipoitua ndege Southampton. Kapteni alivunjika mifupa na kuumizwa na baridi kali, lakini akapona, na baadaye akarudi kazini kuruka. Watu wote 87 walitoka hai.

Wachunguzi walipoangalia, waligundua kwamba kioo kile kilikuwa kimebadilishwa usiku, saa 27 kabla ya safari. Kilishikiliwa na bolti 90. Katika hizo, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa, na tofauti yenyewe haikufika hata milimita moja. Zile sita zilizobaki zilikuwa na unene sahihi, lakini fupi.

Sasa, aliyezifunga hakuwa mlevi wala mwanafunzi. Alikuwa msimamizi wa zamu, mtu mwenye uzoefu wa miaka. Alichukua bolti ya zamani, akaenda kutafuta nyingine zinazofanana nayo, akazilinganisha kwa macho. Mtunza stoo alimtajia namba ya bolti zinazotumika mahali pale, yeye akaamini macho yake. Sehemu alipozichukua palikuwa na mwanga hafifu, na miwani yake ya kusomea hakuivaa. Kitabu cha kuonyesha namba kilikuwepo. Akamaliza kazi, akasaini mwenyewe, na utaratibu wa wakati ule haukutaka mtu wa pili aikague.

Tumekichagua kisa hiki makusudi, kwa sababu kinawagusa vijana wetu wa jua kali moja kwa moja. Hapa kambini fundi hodari ni yule anayekadiria kwa jicho. Bolti imekatika, anatafuta nyingine kwenye kopo la kutu, anaijaribu, inaingia, pikipiki inaondoka. Kukosa vipuri kumetufundisha ujanja huo, na ujanja huo umelisha familia nyingi. Kwenye ndege ujanja huohuo ni hatari. Anayetaka kwenda huko itambidi abakize mikono yake lakini aache mazoea ya "inaingia, inatosha". Wengi watapata shida hapo kuliko kwenye hesabu.

Hata abiria ana sehemu yake. Tarehe 28 Aprili 1988, huko Hawaii, ndege ya Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipasuka paa ikiwa angani, kwa sababu ya nyufa na kutu kwenye viungo vya riveti. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa. Watu wengine 94 walinusurika. Baadaye abiria mmoja alieleza kwamba wakati wa kupanda aliuona ufa karibu na mlango, ila hakumwambia mtu.

Sisi tuliotoka Kongo na kwingine

Wasomaji wetu wa Kivu hawahitaji kupelekwa Uingereza ili waelewe. Wanakumbuka ndege, au avioni kama wengi wanavyosema kule, zilizokuwa zikitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, karibu na Walikale, kupakia mawe ya madini kwenda Goma. Wanakumbuka tarehe 15 Aprili 2008, wakati DC-9 ya Hewa Bora ilipojaribu kupaa Goma, ikapita mwisho wa uwanja na kuingia katika mitaa ya Birere yenye soko na watu. Walikufa watu wapatao 40, wengi wao wakiwa chini, kwenye shughuli zao. Uwanja wenyewe ulikuwa umefupishwa na lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002. Ndugu zetu wa Sudan Kusini nao wana ya kwao: Antonov ya mizigo iliyoanguka kando ya Mto Nile mara tu ilipoondoka Juba, tarehe 4 Novemba 2015.

Hatusemi kila ajali ni kosa la fundi. Hapana. Iko mizigo iliyozidi, viwanja vibovu, hali ya hewa, na wenye ndege wanaotaka iruke leo hata kama haifai. Umoja wa Ulaya ulipotoa orodha yake ya kwanza ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia anga yake, mwaka 2006, mashirika ya Kongo yalijaa humo, na lawama kubwa ilikuwa kwamba serikali haikuwa ikisimamia usalama wa ndege inavyotakiwa.

Lakini katika mlolongo huo wote kuna mtu mmoja mwenye neno la mwisho kabla ya ndege kutoka karakanani, naye ni fundi mwenye leseni. Asiposaini, ndege haina ruhusa ya kuruka. Mwenye ndege anaweza kupiga kelele, abiria wanaweza kuwa wamepanga mstari, kapteni anaweza kuangalia saa yake. Saini haipo, safari haipo. Na akisaini uongo, jina lake limeandikwa pale na tarehe, na litasomwa.

Tuzungumze wazi, wapendwa. Sisi watu wa kambini tumezoea kusaini na kuweka kidole gumba kwenye karatasi za wengine: za mgao, za usajili, za mahojiano. Mara nyingi hata hatuzisomi, tunaonyeshwa tu mahali pa kuweka kidole. Mtoto wetu kufika mahali ambapo kalamu yake inasimamisha ndege ya watu wakubwa, hilo nalo ni jambo la kulifikiria.

Njia ya kufika huko

Njia ni ndefu na hatutaki kuwadanganya kwamba ni ya mwaka mmoja.

Kwanza ni shule. Hesabu, fizikia na Kiingereza, hivi vitatu havikwepeki. Walio katika mfumo wa 8-4-4 wasiiache fizikia. Walio katika mtaala mpya, wakifika kuchagua njia ya sekondari ya juu, njia yao ni STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu.

Kuhusu Kiingereza, msiogope sana. Vitabu vingi vya matengenezo ya ndege vinaandikwa kwa Kiingereza kilichorahisishwa makusudi, chenye orodha ya maneno ya kawaida yapatayo 900 tu, mbali na majina ya vifaa. Neno moja limepewa maana moja, na sentensi ni fupi. Kiliundwa kwa ajili ya mafundi ambao Kiingereza si lugha ya mama yao, yaani watu kama sisi. Kinachotakiwa ni kusoma polepole na kuelewa kila neno. Kijana anayeruka mistari akisoma, hata kama anaongea Kiingereza cha kupendeza barazani, kazi hii si yake.

Pili ni chuo. Hapa Kenya, Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki kilichopo Embakasi, Nairobi, ambacho kipo chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, kinafundisha ufundi wa ndege. Addis Ababa kuna chuo cha Ethiopian Airlines, shirika lenye karakana kubwa zinazotengeneza ndege zake na za wengine.

Tatu ni leseni, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Digrii ya uhandisi wa ndege ni kitu kimoja, leseni ya fundi ni kingine. Mwenye digrii anajifunza jinsi ndege inavyobuniwa na kupigiwa hesabu. Mwenye leseni ndiye anayeitengeneza na kuisainia. Unaweza kuwa na digrii na usiruhusiwe kusaini hata gurudumu. Kwa kanuni za kimataifa za shirika la ICAO, anayeomba leseni ya ndege nzima awe ametimiza miaka 18, afaulu mitihani, na awe amefanya kazi ya ukaguzi na matengenezo kwa miaka 4. Kama amemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa, miaka hiyo inakuwa 2. Kwa hiyo hata baada ya chuo kuna miaka ya kushika taa, kufuta mafuta na kumsikiliza aliyekutangulia. Uwanja wa Wilson kule Nairobi una hanga nyingi za namna hiyo. Ndipo pia yalipo makao ya ndege za madaktari za AMREF, huduma iliyoanza 1957, ambazo baadhi yetu tumeona zikija kuchukua mgonjwa mahututi.

Pesa. Ada ya kozi hizi si ya kuuza mbuzi wawili. Ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani kupitia UNHCR, ni wa shahada ya kwanza, hivyo unamfaa zaidi anayetaka digrii ya uhandisi. Mpango wa WUSC, ambao tangu 1978 unapeleka wanafunzi wakimbizi Canada, unaingiwa kwa ushindani wa alama. Ndugu zetu waliokwishahamia Marekani nao wajue kwamba huko mtu anaweza kuomba cheti cha ufundi kwa kuthibitisha miezi 18 ya kazi upande wa mwili wa ndege au wa injini, au miezi 30 kwa pande zote mbili, au kwa kupita shule iliyoidhinishwa. Mitihani inabaki palepale.

Karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtambulia mkimbizi haki ya kufanya kazi pale sifa zake zinapokubaliwa, na kibali cha kazi cha mkimbizi kinaitwa Daraja M. Sheria kuandikwa na karatasi kufika mkononi ni mambo mawili, hilo wote tunalijua. Aidha, viwanja vya ndege vina ukaguzi wao wa usalama, na kuingia upande wa ndege kunahitaji pasi. Kijana asifike mwaka wa mwisho ndipo aulize. Aulize mapema, ofisi ya Idara ya Huduma za Wakimbizi, na aombe ajibiwe kwa maandishi.

Na kwa ambaye hana hata kimoja kati ya hivyo leo? Aanze na kilicho karibu. Hapa Kakuma, Don Bosco wanafundisha ufundi wa magari, umeme na kuchomelea. Hiyo haimfanyi mtu fundi wa ndege, ila inamfundisha kupima, kusoma mchoro, kuchoma chuma kikashika. Na akikosa ndege kabisa, gari, genereta na pampu ya maji ya bloku bado zinamhitaji.

Tahadhari kwa wazazi

Mwenye "chuo cha anga" akija na karatasi za rangi, picha za ndege na ahadi ya kazi baada ya miezi sita, mwulizeni swali moja tu: chuo chako kimeidhinishwa na KCAA kufundisha ufundi wa ndege? Msikubali jibu la mdomo. Jina la chuo lihakikishwe na KCAA wenyewe. Kuna kozi za kukata tiketi, kuna za wahudumu wa ndani ya ndege, na hizo si mbaya, lakini si ufundi, na cheti chake hakimpeleki mtu kwenye leseni. Kwa familia iliyokatiwa mgao kama ulivyokatwa 2025, kutoa akiba yote kwa karatasi ya kufungia karanga ni msiba.

Mtawasikia pia wakitaja tarakimu kubwa. Moja ni ya kweli: kampuni ya Boeing mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia itahitaji mafundi wapya wa ndege 716,000 katika miaka 20. Boeing anauza ndege, kwa hiyo lazima aone mbele kuna ndege nyingi. Hata hivyo, mafundi wa zamani wanastaafu kila mahali, na haiwezekani ndege ikarekebishwa kwa simu.

Kuhusu wasichana, tunasikia wazazi wakisema ovaroli na grisi si vya binti. Mwaka 1929 Mwingereza Amy Johnson alipata leseni ya ufundi wa ndege, wakati hakuna mwanamke mwingine wa nchi yake aliyekuwa nayo. Mwaka uliofuata, Mei 1930, akaruka peke yake kutoka Uingereza mpaka Australia, na ndege ilipoumia njiani hakukaa kulia kandokando yake. Shida ya mabinti zetu haiko kwenye grisi. Iko kwenye foleni ya maji asubuhi ya mtihani, kuni, mdogo mgongoni, na mahari inayozungumzwa akiwa kidato cha pili. Baba na mama mkiweza kupunguza hayo, fizikia ataisoma.

Jambo la mwisho kwa wazazi ni la kungoja safari. Familia nyingi hapa zimemwacha kijana akae tu kwa sababu "tutaondoka hivi karibuni, atasoma hukohuko". Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokwisha kugawa sufuria zao wakabaki. Hesabu aliyoisoma kijana wakati wa kungoja anaondoka nayo, na kama haondoki, anabaki nayo.

Wenye maswali kuhusu kazi hii waandike barua na kuitia kwenye sanduku la jarida, kama kawaida. Andika jina lako la kwanza, darasa lako, alama zako za hesabu na fizikia bila kuzipamba, na kitu ulichowahi kukifungua na kukirudisha kikafanya kazi. Namba ya kadi ya mgao msiandike, hatuihitaji. Barua za wasichana tutazisoma kwanza.